Kwenda Uhispania kwa Zamu

Mwaka niliotembea kwenda Uhispania sikutoka nje ya Taita Taveta. Mbali kabisa nilifika Mwatate, na siku hiyo nilipanda gari kwa sababu nilikuwa naenda mazishi.

Mambo yalianzia kwa mtoto wa kaka yangu, msichana anayefanya kazi Nairobi katika ofisi moja ambayo sijawahi kuelewa inauza nini. Alinipigia simu Jumapili baada ya kanisa akanieleza jambo, nikamwambia alirudie. Akarudia. Ofisi yao ilikuwa na mchango wa hisani. Unachagua njia ndefu ya kutembea popote duniani, unajiandikisha kwenye programu ya simu, halafu unatembea hapo hapo kwenu. Simu inahesabu hatua, na kidoti chako kinasonga kwenye ramani kule mbali. Watu wanaahidi kutoa kitu kwa kila kilomita, na pesa zinakwenda kwenye shida uliyoitaja mwenyewe. Nikamuuliza ni nani hao watakaolipia mimi nitembee, maana wanawake wa huku wametembea tangu wazaliwe na hakuna aliyewapa hata soda. Akacheka, akasema, Shangazi, ndivyo mambo yalivyo siku hizi.

Nilikubali kwa sababu moja tu, na afadhali niiseme mapema. Nyumba yangu iko chini ya mlima wa Sagalla, na juu kidogo, mwendo wa nusu saa kwa mguu mzima, kuna zahanati. Ina nesi mmoja mwenye bidii, ina kitanda cha kujifungulia, ina mfereji. Mfereji hauna maji. Kwa hivyo mama anayekwenda kujifungua anatakiwa afike na mtungi wake wa lita ishirini. Hakuna mahali ilipoandikwa, lakini kila mtu anajua, na nesi mwenyewe hulisema huku akiangalia pembeni kwa aibu.

Miaka miwili kabla ya hapo mke wa mwanangu alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Mwanangu alikuwa kazini Mombasa. Mimi nilikuwa na sufuria ya maharagwe motoni, nikamwambia atangulie na mtungi wake, nitamfuata. Alinitazama. Nikamwambia hata sisi tulibeba, na hapa tupo. Akajitwika, akaenda. Aliteleza kwenye yale mawe ya kabla ya zahanati, akaanguka na maji yake, na mtoto, mvulana, hakuishi. Hakuna aliyenilaumu. Hata mwanangu hakunilaumu. Mkewe mwenyewe alirudi nyumbani akaendelea kuniita Mama na kunipikia chai, na ile chai nilikuwa nikiinywa huku natamani anitukane.

Sasa alikuwa na mimba tena, ya miezi mitatu. Nilitaka tangi la maji liwe limesimama pale zahanati kabla hajajifungua. Hilo tu. Kama ingebidi nifike Uhispania, basi ningefika.

Njia zilikuwa nyingi. Kulikuwa na ukuta wa China, kulikuwa na milima yenye theluji, kulikuwa na pwani moja ambayo watu kwenye picha walikuwa wamevaa nguo chache sana. Nikachagua njia ya mahujaji ya Uhispania, karibu kilomita mia nane, kwa sababu nilidhani njia ya mahujaji haiwezi kuwa na mambo mengi. Mtoto wa kaka yangu akapiga hesabu, akasema kilomita sita kila siku zingenifikisha na muda ukibaki.

Kutembea kwenyewe hakukuwa na shida. Shida ilikuwa watu. Huku kwetu hupiti mtu njiani bila kumsalimu, na huwezi kumsalimu bila kuulizwa unakwenda wapi. Siku ya kwanza nilijibu kwamba natembea tu. Jibu baya hilo. Mtu mzima anayetembea tu, asubuhi, mikono mitupu, ama ni mgonjwa ama amekosana na watu wa nyumbani. Kufikia siku ya tatu habari ilikuwa imefika sokoni Voi kwamba nimegombana na mume wangu, ambaye alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Nikaona afadhali niseme ukweli. Nikiulizwa, najibu, Uhispania. Wakawa wananiangalia miguu, halafu uso, halafu wanasema, basi kwa vile unapita kule, nipelekee haya mahindi kwenye mashine ya kusaga.

Wiki ya pili haikuisha kabla sijawa mtumishi wa kijiji. Nilibeba mahindi, nilibeba salamu, nilibeba jogoo mmoja mwenye hasira kutoka njia panda mpaka kwa mtu aliyekuwa hamtaki. Nilipovuka ile milima ya kuingilia Uhispania, nilikuwa na debe la mtu kichwani. Na programu nayo ilikuwa na ujuaji wake. Jioni ilikuwa ikiniandikia kwamba zimebaki hatua elfu mbili tu, jitahidi. Kwani haijui? Huku kwetu jua likizama njia ni ya ndovu, na ndovu hajali umebakisha hatua ngapi.

Kila nikifika mji fulani, simu ilileta picha ya mji huo. Hapo ndipo kikundi chetu cha kulima kilipoingia. Tuko wanawake kumi na wanne. Tunalima kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako, na mmoja akiugua mstari wake haubaki na magugu, wengine wanaulima na hakuna anayeandika popote. Msimamizi wetu ni jirani yangu, mwimbaji wa kwaya, mwanamke ambaye akiita mbuzi wake, ng'ombe wa kule mlima wa Ndara wanageuka. Wakati wa chai alikuwa akiniamuru nitoe simu, kisha wote wanainama kutazama.

"Leo tumefika wapi?" alikuwa akiuliza. Alisema tumefika. Sikulitilia maanani wakati huo.

Wakayatazama yale mashamba ya ngano yanayokwenda mpaka mwisho wa macho, bila mtu hata mmoja, wakauliza kama ngano inajilima yenyewe. Wakaona kanisa kubwa la mawe, wakauliza linafagiliwa na nani. Mmoja aliona mto una maji mengi chini ya daraja, akasema hawa watu hata hawauangalii.

Mwezi wa tatu goti likanisaliti. Nilikuwa nashuka kwenye karavati, lile daraja dogo la barabarani, nikasikia kitu kimelia ndani. Daktari wa Voi akalibonyeza, akaniambia nipumzike mwezi mzima, na hata baada ya hapo nisijifanye kijana. Nilikuwa nimetembea kilomita mia tatu na nne. Niliwaambia wenzangu siku ya kulima, nikiwa nimekaa kwenye kiti ukingoni mwa shamba, kwamba safari imekwisha. Jirani akaweka jembe chini, akapangusa mikono kwenye leso, akaichukua simu mapajani mwangu.

"Kwani mstari wako utaachwa na magugu?"

Wakapanga zamu pale pale. Mimi nikabaki na kabambe yangu, simu ndogo ya kupigia tu, na ile kubwa ya kuhesabu hatua ikaenda.

Nilijua kwamba si sawa? Nilijua. Masharti nilikuwa nimeyasoma, kila mtembeaji atembee mwenyewe. Nimekuwa metroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na sita, mpaka leo watu wananiita Metroni, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukamata wasichana wanaoitikia majina ya wenzao waliotoroka. Nilikuwa nawasimamisha nje kwenye baridi. Sasa mimi nilikuwa nimekaa kitini na mguu kwenye mto, na wanawake kumi na watatu wananiitikia jina. Nikajiambia simu haina macho. Nikajiambia pia kwamba mimba imefika miezi sita. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kusema.

Ikabainika kwamba mimi nilikuwa mtembeaji hafifu. Wale wenzangu wakibeba simu kwa siku moja ya kawaida, ya kuteka maji mara mbili, kuchunga, kuni, kusaga na kwaya, kilomita zilikuwa kumi na nane. Siku nyingine ishirini na tano. Walikuwa wakipokezana kwenye kona za njia, anayeshuka anampa anayepanda. Kidoti changu kilikimbia Uhispania mpaka nikaona aibu kukiangalia. Mtoto wa kaka yangu akanitumia ujumbe kwamba ofisi nzima inanizungumzia, mama wa miaka sitini na miwili anayewashinda vijana wa mazoezi, na kwamba watu wameongeza ahadi zao. Nilimjibu kwa alama ya mikono iliyokutanishwa.

Halafu mmoja wetu akaenda Mahoo, huko Taveta, kwenye harusi ya binamu yake, kwa basi, na simu ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso, ikihesabu kila mtikisiko wa basi kuwa hatua. Siku hiyo nilipita miji mitatu ya Uhispania kabla ya chakula cha mchana. Kesho yake simu ilikuwa zamu ya jirani. Ikalia akiwa bondeni na mbuzi. Alikuwa ni yule msichana wa Nairobi, ameshangaa, anataka kujua Shangazi yuko salama.

Jirani alikuja kunieleza jioni, amefurahi. Alisema yule binti ana adabu sana, amemsalimu vizuri. Alimwambia Metroni yuko nyumbani na goti lake, asiwe na wasiwasi, leo anayetembea ni yeye, jana alikuwa mama fulani, kesho ni fulani. Alimsomea zamu yote mpaka Ijumaa. Nilimwangalia nikatafuta hasira, lakini kwanza nilitafuta pa kuweka kikombe.

Nilimpigia mtoto wa kaka yangu usiku ule ule, maana nisingelala. Alikuwa na huzuni kuliko hasira, na hilo ni baya zaidi. Akasema, Shangazi, huu ni udanganyifu. Nikasema najua. Akasema anaweza kulizima, aseme simu iliharibika. Nikamwambia hapana, andika kama ilivyokuwa. Lile tangi nililitaka kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa, na mwenzake nilishamkosea kwa ubishi wangu. Sikutaka huyu naye apokewe na uongo.

Basi ofisi ikanirudisha mpaka kilomita mia tatu na nne. Wengi waliokuwa wameahidi wakajiondoa, wachache wakabaki, na mmoja akaandika maneno ambayo mtoto wa kaka yangu alikataa kunisomea. Kilichopatikana kilitosha msingi wa saruji. Fundi akaujenga kando ya zahanati, msingi mzuri wa duara, umelala sawasawa, na juu yake hamna kitu. Tangi lilipatikana mwaka uliofuata kwa njia nyingine, lakini wakati ule hatukujua kama litapatikana. Kila niliyekutana naye aliusifu ule msingi, na kila aliyeusifu nilitamani kumpiga.

Nilikosana na jirani yangu juu ya jambo hili. Yeye hakuona kosa. Alikuja, akakaa, akaniuliza kwa utulivu, kilomita si zilitembewa? Isipokuwa zile za basi, alikubali, zile zitolewe. Lakini nyingine zote si kuna miguu ya mtu iliyozitembea, na mwenye miguu si amempa mwenzake? Ameibiwa nani? Mimi nikikosa jibu huwa mbaya. Nikamwambia wao na midomo yao wameninyima tangi, na mke wa mwanangu akipatwa na jambo nitajua ni nani. Maneno hayo niliyasema mimi, mbele ya chai yake. Akasimama akatoka bila kuinywa. Kwetu mtu akiiacha chai yako mezani ikiwa bado na moshi, ameshasema yote. Wiki tatu hatukusalimiana, na siku za kulima nilituma udhuru wa goti.

Mimi nikajipanga kivyangu. Niliweka mitungi miwili ya lita ishirini mlangoni, imejaa, nikiyabadilisha maji kila siku ya tatu, na nikamkataza mke wa mwanangu hata kuisogeza kwa mguu. Nilipatana na kijana wa bodaboda wa kuibeba. Kila kitu kilikuwa tayari, ila mwenye mimba hakuambiwa asubiri siku ambayo mimi nipo.

Nilikuwa Voi kwa daktari wa goti. Nilirudi saa saba mchana, nikakuta mlango wazi, jiko limezimwa vizuri, na mitungi yote miwili imekaa pale pale mlangoni. Mtoto wa jirani akaniambia mke wa mwanangu amekwenda kwa pikipiki, amejikunja, na kuna damu. Simu ya bodaboda wangu haikupatikana. Nikainama kuinua mtungi mmoja, goti likakataa. Nikajaribu tena, likakataa tena, nikaanguka nikakaa chini katikati ya mlango wangu, nikalia kidogo kwa hasira. Halafu nikatafuta mtungi wa lita tano wa mafuta ya kupikia, nikamimina, nikashika fimbo, nikaanza kupanda.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia miguu inakuja mbio kutoka juu. Walikuwa wanawake wa kikundi, mitungi mitupu mikononi, matope ya shambani bado kwenye miguu. Walikuwa wakilima kwa jirani siku hiyo, na kumbe pikipiki ilipopita waliona mjamzito, hawakuona mtungi. Wakaacha majembe kwenye mistari. Walikuwa wanashuka kisimani kwa raundi ya pili. Aliyetangulia alikuwa jirani mwenyewe. Hakunisalimu, hata hakupunguza mwendo.

"Metroni, sogea kando, unazuia njia."

Nikasogea. Muda si muda wakanipita tena wakipanda, mitungi kichwani, wanapumua kwa sauti. Halafu tena wakishuka. Nadhani walinipita mara nne kabla sijafika kwenye yale mawe. Hata mmoja hakuniambia nimpe zile lita tano anisaidie. Walikuwa wanaziona. Nawashukuru kwa hilo mpaka leo kuliko nilivyowahi kuwaambia.

Kwenye mawe nilikaa chini nikajivuta kwa makalio, kama mtoto, nimekumbatia mtungi. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti na sikujali nani anasikia.

Nilipofika zahanati kila chombo kilikuwa kimejaa. Pipa limejaa, ndoo zimejaa, beseni zimejaa, hata sufuria ya nesi ya ugali ilikuwa na maji. Wanawake watano walikuwa wamekaa kwenye ule msingi wa tangi, miguu wameninginiza, wanajipepea na leso. Nesi akatoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Akasema mzazi alivuja damu nyingi, lakini imesimama. Akasema ni msichana. Halafu akauona mtungi wangu.

"Maji tunayo, Metroni. Hayo weka tu hapo nje."

Sikuyaweka nje. Niliingia nayo, kwa sababu mkono ulikuwa umekakamaa kwenye kishikio na sikuwa na akili ya kuufungua. Mke wa mwanangu alikuwa amelala ubavu, rangi imemtoka, mtoto amefungwa kwenye leso kifuani pake. Kando ya kitanda kulikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu, limetayarishwa la kumpangusa mtoto, na kitambaa safi kimekunjwa ukingoni. Aliniangalia uso. Akaangalia fimbo, akaangalia suruali ya mazoezi niliyonunuliwa na mtoto wa kaka yangu ikiwa imepasuka nyuma, akaangalia mtungi. Miaka miwili na zaidi nilikuwa nimetayarisha maneno, na hayakuwepo.

"Mama," akasema, "mpanguse kwa hayo yako."

Nesi akamwambia hayo ni baridi, na haya ya beseni yako tayari. Mke wa mwanangu akasema yawekwe motoni, yeye atangoja.

Nesi akanipa sufuria. Nikayamwaga yale ya uvuguvugu kwenye ndoo moja iliyokwisha maji, nikaweka yangu jikoni, tukangoja.